Nauli Huisha Kabla ya Moyo: Namna ya Kutafuta Kazi Dar kwa Miezi Mingi Bila Kukwama

Nilitafuta kazi Dar es Salaam kwa miezi 14. Mkataba wangu wa utunza stoo uliisha mwezi wa pili, mwajiri akafunga tawi, nami nikahamia kwa dada yangu Gongo la Mboto na begi moja na bahasha ya vyeti. Kila aliyenipa pole aliniambia mtafutaji hachoki. Niliamini, na nilitafuta kwa nguvu zote: siku tano kwa wiki, nakala 20 za CV mkononi, leo Masaki, kesho Kariakoo. Kufika mwezi wa saba nikakaa ndani wiki sita nzima. Watu walidhani nimekata tamaa. Moyo wa kutafuta ulikuwepo bado. Nauli ndiyo iliyokuwa imeisha.

Nilipoanza tena nilianza kwa mpango mwingine, na mpango huo ndio ninaouandika hapa. Nimeuandika kwa ajili ya mtu aliyeko katikati ya safari, aliyeshapeleka maombi hadi kachoka kuhesabu, na anayehofia kwamba tatizo ni yeye.

Hatua ya kwanza: kaa chini upige hesabu

Chukua karatasi uandike wiki moja ya kutafuta kazi inakugharimu shilingi ngapi. Mimi nilipofanya hivyo nilishtuka. Nauli 3,000 kwa siku, mara siku tano, 15,000. Chakula cha mchana kwa mama ntilie 2,000, mara tano, 10,000. CV nakala 20 za kurasa tatu, kila ukurasa 200, ni 12,000. Jumla 37,000 kwa wiki, karibu 150,000 kwa mwezi, na hakuna kinachoingia. Kwa mwendo huo akiba yangu isingeweza kufika popote, na kweli haikufika.

Nikaishusha hadi 12,000 kwa wiki. Siku mbili za mjini, 6,000. Bando, 3,000. Steshenari, 2,000. Inayobaki, 1,000, inaingia kwenye kibubu na haiguswi. Mchana nilibeba chapati na chai kutoka nyumbani. CV niliikata kutoka kurasa tatu hadi mbili, nikawa nachapa nakala tano tu kwa wiki. Hizo tano nilijua kila moja inaenda kwa nani.

Siku zako mbili zipange kwa njia, maana jiji hili ni refu na foleni zake unazijua. Mtu wa Mbagala anayetaka kuwa Mwenge asubuhi, Tabata mchana na Mikocheni jioni atamaliza siku amesimama ndani ya daladala. Jumanne yangu ilikuwa Barabara ya Nyerere: nashuka Vingunguti, natembea kwa miguu kwenye viwanda na maghala hadi Tazara, na nguvu zikiwepo naingia Chang'ombe. Alhamisi ilikuwa Posta na Kariakoo. Masaki na Mikocheni nilikwenda pale tu nilipoitwa. Siku zilizobaki nilikuwa nyumbani au kwenye kibarua, na sikujilaumu kwa kutokutoka, kwa sababu ilikuwa sehemu ya mpango.

Hatua ya pili: nyaraka zikae tayari

Hapa nitasema kwa kifupi. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na vya chuo, vyote viwe kwenye bahasha moja ngumu ya plastiki, na nakala zilizogongwa muhuri na wakili ziwe tayari kabla hujaziona kwenye tangazo. Viskani pia, uviweke kwenye barua pepe yako. Linganisha majina herufi kwa herufi. Kama cheti cha kidato cha nne kinasema Mohamedi na NIDA inasema Mohamed, nenda kwa wakili mapema akuandalie hati ya kiapo. Jambo hilo likikukuta mlangoni siku ya usaili, umechelewa. Na kama taaluma yako ina bodi, jisajili. Kwa sisi wa ununuzi na ugavi ni PSPTB, na matangazo mengi hayakuangalii mara mbili kama usajili huo huna.

Hatua ya tatu: Ajira Portal, kwa muda wa saa moja, mara mbili kwa wiki

Nafasi nyingi za serikali na taasisi zake zinapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi yanatumwa kwenye mtandao kupitia Ajira Portal. Kutuma hakulipiwi. Anayekuambia kuna ada anakuibia.

Kosa ninaloliona kila siku ni la akaunti. Kijana anakwenda steshenari, yule wa kompyuta anamfungulia akaunti kwa barua pepe ya dukani na neno la siri analolijua yeye. Miezi mitatu baadaye steshenari imehama, na kijana hana pa kuingilia. Fungua kwa barua pepe yako na namba yako, uandike neno la siri nyuma ya daftari lako. Kama huna simu nzuri, lipia kompyuta lakini ukae wewe kwenye kiti.

Soma tangazo hadi mstari wa mwisho. Barua ya maombi iwe na sahihi yako na ielekezwe kwa anayetajwa pale. Weka vyeti vyenyewe, kwa sababu hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita na matokeo ya muda havikubaliwi. Aliyesoma nje ya nchi anatakiwa vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika, NECTA, NACTVET au TCU, na hilo huchukua muda, kwa hiyo lianze leo.

Halafu kuna jambo linalowapotezea watu nafasi walizostahili. Majina ya walioitwa kwenye usaili hutolewa kwenye orodha ndefu mtandaoni, na mwenye jina asipoingia kuangalia, siku inapita. Ndiyo maana nasema mara mbili kwa wiki, kila wiki, hata kama hujatuma kitu. Mimi niliweka Jumatatu na Ijumaa saa mbili usiku, baada ya watoto wa dada kulala.

Usaili una hatua: mchujo wa kuandika kwanza, kwa kazi nyingine vitendo, kisha mahojiano. Unaweza kufanyika mbali, hata Dodoma, na tangazo husema wazi kwamba kila msailiwa anajigharamia chakula, usafiri na malazi. Sasa unaona kazi ya kile kibubu. Usaili wa kwanza nilioitwa nilishindwa kwenda kwa sababu ya nauli. Wa pili nilikwenda. Sikupata, ila nilirudi nikijua maswali yanavyoulizwa. Na aliyefaulu lakini nafasi zikajaa huwekwa kwenye kanzidata, anaweza kupangiwa baadaye bila usaili mpya. Nina rafiki alipangiwa hivyo wakati ameshaacha kuwaza.

Hatua ya nne: getini

Sekta binafsi ina mlango wake, na kwa kazi za stoo, udereva, ufundi, uzalishaji na usafi mlango huo ni geti lenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi na ndipo nilipofundishwa.

Mwanzoni nilikuwa namfikia mlinzi na kumnyooshea bahasha: naomba umpelekee bosi. Anaipokea, anaiweka kwenye dirisha la kibanda juu ya nyingine. Siku moja kwenye ghala moja la Vingunguti niliona bahasha hizo zimewekewa birika la chai. Nilisimama nikaziangalia. Zilikuwa za watu kama mimi, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kazi hakuna."

"Sawa mzee wangu, nashukuru. Naomba kuuliza tu, mkuu wa stoo humu ndani ni nani?"

"Unamtakia nini?"

"Nimetunza stoo miaka minne. Sitaki kuacha bahasha bila kujua inamfikia nani."

Mzee akatua kikombe. "Mwanangu, hizi bahasha zinakwenda utawala Ijumaa, zinaingia kwenye boksi, basi. Mzigo hapa unaingia mwisho wa mwezi. Hapo ndipo wanapohitaji watu. Wewe njoo tarehe 25, saa moja asubuhi, umuulize mama wa stoo."

Maneno hayo yalinifaa kuliko tangazo lolote nililowahi kusoma. Tangu siku hiyo kila geti nililouliza niliuliza mambo matatu: nani anahusika na kazi yangu, lini kazi huwa nyingi, na maombi hupokewaje. Mlinzi anajua yote hayo. Msalimie kama mtu mzima mwenye kazi yake, usimpite kama nguzo. Usimhonge. Ukirudi mara ya pili mwite kwa jina lake kama alikutajia, na kama alikwambia hakuna, mshukuru vilevile.

Tarehe 25 ya mwezi wa tisa nilifika, hawakuhitaji mtu. Mwezi wa kumi tarehe hiyohiyo nilifika tena, na yule mama akanichukua siku mbili kuhesabu mzigo. Siku mbili tu. Lakini aliniona nikihesabu.

Hatua ya tano: daftari

Nunua daftari la kawaida la kurasa 48. Ukurasa mmoja kwa kila mahali. Wa lile ghala ulikuwa hivi:

Ghala, Vingunguti, geti la bluu. Mzee wa zamu ya asubuhi. Anayehusika: mama wa stoo. Mzigo mwisho wa mwezi. 12/9 hapana. 25/9 hapana. 25/10 siku mbili, 30,000. Rudi 24/11.

Mstari wa mwisho, "rudi", ndio wenye uzito. Usifunge ukurasa bila tarehe ya kurudi au ya kupiga simu. Asubuhi ukiamka huna haja ya kutafuta ari, unafungua daftari linakuambia leo ni wapi. Kuna siku nilikuwa sina hamu ya kumuona mtu yeyote, nikatoka kwa sababu tu tarehe ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu.

Simu ya kuulizia piga wiki mbili baada ya kuacha maombi, katikati ya wiki, asubuhi baada ya watu kutulia ofisini. Sema kwa ufupi: "Habari za kazi dada. Nilileta maombi ya utunza stoo tarehe 12. Nilikuwa naulizia kama mmeshafikia uamuzi, au niulizie tena lini?" Akisema bado, andika tarehe atakayokupa. Akisema nafasi imejazwa, shukuru, uliza kama unaweza kuleta tena baada ya miezi mitatu, na uandike hiyo pia.

Hatua ya sita: kibarua kisimeze siku zako

Bila kitu kidogo kinachoingia, ile 12,000 itatoka wapi? Fanya kibarua, na usikionee haya. Nilisaidia fundi, nikakaa deiwaka kwenye daladala, yaani kushika zamu ya mtu kwa siku, nikahesabu bidhaa kwenye duka la vifaa vya ujenzi Gerezani. Kila Sabasaba, maonesho ya biashara yanapoanza mwishoni mwa mwezi wa sita kule Barabara ya Kilwa, mabanda huhitaji watu wa kupanga, kubeba, kuuza na kugawa vipeperushi. Waulize wiki mbili kabla ya maonesho. Ukiwa ndani, umekutana na makampuni mengi mahali pamoja bila kupita geti hata moja.

Kuna tahadhari moja. Kibarua cha siku sita kinakupa chakula na kukuondolea nafasi ya kutafuta. Mwenye duka wa Gerezani alinitaka kila siku. Nilimwomba, "Bosi, Jumanne na Alhamisi uniachie, nitakuja Jumamosi nzima." Alinuna, akakubali. Angekataa ningeomba hata siku moja. Na kila kibarua kiandike kwenye CV kwa jina la kazi yake: kuhesabu bidhaa kila wiki na kulinganisha na leja ni uzoefu wa stoo, hata kama ulilipwa mkononi jioni.

Waliohitimu karibuni waulizie pia mafunzo ya uzoefu kazini kupitia huduma za ajira za serikali, TaESA, na kozi fupi za VETA, Chang'ombe au Kipawa, kama umeona matangazo matatu mfululizo yakitaka ujuzi ambao huna.

Hatua ya saba: watu wa nje na watu wa nyumbani

Wengi wanasema Dar bila koneksheni huambulii. Sitakataa, nimeona nafasi ikichukuliwa na mpwa wa mtu nikiwa nimekaa kwenye benchi la kusubiri usaili, na iliniuma. Lakini koneksheni niliyokuja kuiona mimi, mara nyingi ni mtu anayejua kwa hakika unaweza kufanya nini. Ukimwambia jirani "nitafutie kazi yoyote", amesahau kabla hajafika kona. Mwambie, "Natafuta kazi ya stoo, naweza kutumia kompyuta kuingiza mzigo, nipo tayari zamu ya usiku." Hilo atalikumbuka siku atakaposikia ghala linahitaji mtu. Waambie watu kumi hivyo: kinyozi, wa msikitini au kanisani, mliosoma naye, kondakta, bosi wako wa zamani.

Nyumbani ni pagumu zaidi. Dada yangu aliniuliza kila jioni, "Vipi leo?" Hakuwa na ubaya, lakini nilifika mahali nashuka kituo kimoja kabla ili nichelewe kulisikia swali lile. Mwishowe nilimwambia.

"Dada, naomba uniulize Jumapili tu. Nitakuonyesha daftari lote."

"Sawa mdogo wangu. Ila Jumapili nataka kuliona kweli."

Na kila Jumapili aliliona, aliligeuza ukurasa kwa ukurasa. Wakati mwingine aliniambia, "Hapa hujarudi." Kama unaishi kwa mtu, fanya hivyo, na ushike kazi ya nyumba isiyohitaji kuambiwa. Mimi niliteka maji na kumpeleka mtoto shule.

Siku nzito zitakuwepo. Unapohitaji kukaa mahali tulivu usionekane nyumbani, Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ina meza, ukimya na magazeti ya siku. Lakini ukikosa usingizi wiki baada ya wiki, au ukaanza kuona afadhali usingekuwepo, mwambie mtu siku hiyohiyo na uende hospitali. Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Hayo ni maradhi kama mengine na yana tiba.

Wanaokula jasho la mtafuta kazi

Niliwahi kulipa 20,000 ya "fomu" kwenye ofisi moja ya ghorofani, tukiwa vijana zaidi ya 30 kwenye chumba kimoja. Wiki iliyofuata chumba kilikuwa kitupu, feni zimeng'olewa. Zile zilikuwa nauli zangu za wiki tatu. Dalili zake sasa nazijua: wanakuita kwa kazi ambayo hukuomba, wanataja mshahara mkubwa bila kutaja kazi yenyewe, wanataka fedha ya fomu, sare au mafunzo kabla ya mkataba, na wanakuharakisha utume kwa simu leo. Ukiona mojawapo, ondoka. Vyeti halisi usimwachie mtu yeyote, onyesha urudishe kwenye bahasha.

Ukiitwa usaili hapa mjini

Nenda ukapaone mahali siku moja kabla, kama ni njiani. Asubuhi toka mapema kuliko unavyodhani inahitajika. Msimu wa masika angalia mvua ya usiku, kwa sababu Jangwani ikijaa maji Barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi ya mwendokasi husimama, na anayetoka Kimara anabaki upande wa pili. Kuwa na njia ya pili kichwani na namba ya simu ya ofisi mfukoni. Ukikwama, piga kabla ya saa ya usaili. Na andaa mfano mmoja wa kazi uliyoifanya kwa mikono yako, wenye namba ndani yake. Mimi nilieleza jinsi tulivyogundua katoni 40 zilizopotea kwenye leja, nikaeleza zilipatikana wapi.

Kazi ikipatikana

Mwezi wa nne mwaka uliofuata simu ililia nikiwa Gerezani. Alikuwa yule mama wa stoo wa Vingunguti. Alikuwa amehamia ghala jingine, jirani na Tazara, na alihitaji mtu anayejua kuhesabu. Aliniuliza kama nipo tayari Jumatatu.

Omba mkataba wa maandishi usome kabla ya kusaini. Andaa barua ya Serikali ya Mtaa na wadhamini wawili, maana kazi za stoo na za fedha huombwa hivyo. Na upige hesabu moja zaidi, kwa sababu mshahara unakuja mwisho wa mwezi na kazini unakwenda kila siku. Siku 26, nauli 1,400 kwenda na kurudi, chakula 2,000: ni 88,400. Kibubu changu kilikuwa kimebaki na 9,000. Dada alinikopesha 80,000, nikaiandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, nikaweka na tarehe ya kurudisha: 30/5.